Hodi ya Nyumba Nzima

Saa nane usiku, Kijitonyama, chumba cha seva.
Kiyoyozi kinanguruma, nimejitanda kanga mabegani,
na programu ya kuuza tokeni za maji imeganda.
Haijafa. Afadhali ingekufa.
Nyuzi sita zimo ndani, zote zinapumua,
hakuna hata moja inayosogea.

Anyelwisye ananipigia kutoka Mbezi kila robo saa:
"Umeona?"
Sijaona.
Alfajiri watu watafungua mabomba, wakute upepo.

Nikaikumbuka nyumba yetu ya Magomeni Mapipa:
vyumba sita, ukumbi mmoja katikati,
ua mmoja, choo kimoja na foleni yake.
Kila mpangaji na kitanda chake na deni lake,
lakini stoo moja, na ufunguo wake mmoja.
Ndivyo nyuzi zinavyoishi ndani ya mchakato:
kumbukumbu ni ua, kila mtu hupita na ndoo.

Mjumbe akileta karatasi ya serikali ya mtaa
haandiki "Bi Tausi, chumba cha tatu."
Huandika namba ya nyumba, basi.
Hodi wenyewe!
Na kiini cha mfumo hakimzidi mjumbe kwa adabu:
hutazama kwanza chumba cha mbele,
kikiwa na komeo, huenda cha pili, cha tatu,
mpaka apatikane mmoja asiyeziba masikio.
Huyo, yeyote yule, ataitikia kwa niaba ya nyumba.
Komeo ni la kila mtu na mlango wake,
jibu tuliliandika mara moja, la wote.

Wakifunga wote, karatasi hulala ukumbini.
Mjumbe arudi mara kumi kwa neno lile lile,
siku ukifungua utaokota karatasi moja.
Hakuna anayehesabu vumbi la viatu vyake.

Aliyetia mkono pasipo pake,
huyo huitwa kwa jina. Haitwi jirani.

Na iko ishara ya tisa, isiyobisha.
Sisi tuliiona Jumanne, X nyekundu ukutani,
rangi bado inachuruzika juu ya dirisha la Bi Tausi.
Mama alipiga komeo usiku ule, kwa mazoea tu.

Nikasoma safu za namba moja moja, kidole kwenye kioo.
Uzi wa tatu, huyu hapa.
Alikuwa stoo anaandika daftari,
ufunguo kaufunga kwenye pindo la kanga.
Hodi!
Akaacha kalamu katikati ya neno, akakimbilia kujibu,
na jibu letu linaanza hivi: andika kwanza daftarini.
Akarudi stoo. Imefungwa.
Akaketi kumsubiri mwenye ufunguo.

Nilicheka peke yangu hadi mlinzi, Mbwilo, akachungulia.
Anamsubiri nani, jamani?
Na nyuma yake watano, ndoo mikononi.

Maandazi ya Bi Tausi yaliungua mara mbili wiki moja
kwa kukimbilia kila hodi, ndipo wapangaji wakakaa kikao:
vyumba vyote vifungwe komeo,
mtoto akae barazani.
Mtoto nilikuwa mimi, miaka tisa, sina ufunguo wa kitu.
Kazi yangu sikio.
Nikisikia hodi, naingia kwa mwendo wa kawaida,
nangoja stoo iwe wazi, ndipo naisema.
Sikuwahi kumkatiza mtu neno.

Saa tisa na nusu nikazifunga komeo nyuzi zote sita
na kuzaa ya saba, isiyoandika, isiyobeba,
imekaa tu, inangoja.
Nikabisha.
Ikasikia. Ikangoja stoo. Ikasema.
Tokeni ya kwanza ikatoka, ya mtu wa Tandale,
lita mia mbili.

"Umeona?"
"Nimeona. Kalale."

Baraza lile sasa ni njia ya tatu ya barabara.
Magari hupita juu yake usiku kucha,
wala hayabishi hodi.